Njia ya Kimara: Kutoka basi la UDA hadi mwendokasi

KILA alfajiri, kabla jua halijachomoza, maelfu ya wakazi wa Kimara, Mbezi, Kibamba na vitongoji vya jirani hushuka kutoka vilimani na kupanda kutoka mabondeni kuelekea Barabara ya Morogoro. Wamo watumishi wa ofisi za Posta, wauza maduka wa Kariakoo, wanafunzi wenye mabegi mgongoni, akina mama wanaowahi samaki wa Feri na wagonjwa wenye miadi Muhimbili. Safari zao ni tofauti, lakini wote hutafuta kitu kimoja, nacho ni basi.

Kutoka Kimara hadi Kivukoni ni kilomita 15.8 tu. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuzitembea kwa muda wa saa tatu na ushee. Hata hivyo, kwa miaka mingi abiria wa njia hii alitumia saa mbili, na siku za mvua zaidi ya hapo, akiwa amesimama ndani ya gari ambalo nalo lilikuwa limesimama.

Historia ya usafiri katika njia ya Kimara ni historia ya Jiji la Dar es Salaam lenyewe. Ndani yake imo kampuni ya wakoloni, shirika la umma, biashara ya watu binafsi na hatimaye mradi mkubwa wa kisasa. Ndani yake pia limo swali ambalo limerudi kila kizazi: kwa nini huduma inayoanza vizuri katika barabara hii huishia kwa abiria kugombania mlango?

Mji uliokimbilia barabarani

Dar es Salaam imekua kwa kufuata barabara zake kuu. Mji ulianzia bandarini, kisha ukatanuka kama vidole vya mkono kufuata Barabara ya Kilwa kusini, Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege na Pugu, Barabara ya Bagamoyo kaskazini na Barabara ya Morogoro magharibi. Hiyo ya mwisho ndiyo lango la jiji kwa mtu anayetoka bara, na ndiyo njia ya malori yanayobeba shehena ya bandari kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi.

Sensa ya mwaka 1967 ilikuta jiji likiwa na watu wasiozidi 280,000. Mwaka 2002 walikuwa takriban milioni 2.5, mwaka 2012 walifikia milioni 4.36 na mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Kwa hiyo, katika miaka 55 idadi ya watu imeongezeka karibu mara 20.

Barabara hazikuongezeka mara 20. Ofisi, masoko, bandari na hospitali kubwa zilibaki zaidi katikati ya mji, huku makazi yakisogea mbali zaidi kila mwaka. Manzese ikajaa, Ubungo ikajaa, kisha Kimara. Waliokosa kiwanja Kimara wakaenda Mbezi, na waliokosa Mbezi wakavuka hadi Kibamba na Kiluvya. Eneo la Kimara Mwisho limebeba lugha ya basi ndani ya jina lake, yaani mahali ambapo safari inaishia. Leo hakuna mkazi wa magharibi mwa jiji anayeliona eneo hilo kuwa mwisho wa kitu chochote.

Enzi ya DMT na UDA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, huduma ya mabasi ya abiria jijini iliendeshwa na kampuni binafsi ya Kiingereza, Dar es Salaam Motor Transport, ambayo wakazi waliifahamu kwa kifupi chake, DMT. Kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi zilianza kuwekwa mikononi mwa umma, na DMT nayo ikataifishwa.

Mwaka 1974 kampuni hiyo iligawanywa sehemu mbili. Sehemu ya mabasi ya mikoani ikawa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, maarufu kama KAMATA. Sehemu ya mabasi ya mjini ikawa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA.

Kwa wazee wa jiji hili, UDA ni jina lenye kumbukumbu tamu na chungu kwa pamoja. Tamu, kwa sababu basi lilikuwa la umma, lilikuwa na njia iliyofahamika, na kondakta alikata tiketi. Wengi bado wanayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungary, yaliyounganishwa katikati kwa mpira uliokunjana kama kinanda, ambayo watoto waliyapenda kwa namna yalivyojipinda kwenye kona.

Uchungu ulikuja baadaye. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Nchi ikaingia katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, na bila fedha za kigeni hapakuwa na vipuri. Wakati huohuo nauli ilipangwa na Serikali kwa kuangalia uwezo wa mwananchi, si gharama ya kuendesha basi. Shirika lilibaki na magari yaliyoharibika, ambayo hayakuwa na fedha za kuyatengeneza.

Basi moja lilipoingia karakana bila kutoka, waliobaki vituoni walilazimika kulisubiri la pili. La pili likabeba kupita kiasi, nalo likachakaa upesi na kufuata la kwanza. Mtindo huo wa kuporomoka ni vyema msomaji akauweka akilini, maana tutaukuta tena mbele ya safari.

Thumni, chai maharage na daladala

Pengo lililoachwa na UDA halikubaki wazi. Tangu miaka ya 1970 watu binafsi walianza kubeba abiria kwa magari yao bila leseni. Magari hayo yaliitwa thumni, kutokana na sarafu ya senti 50. Polisi waliyakamata, abiria waliyaficha, kwani kila upande ulikuwa na hoja yake.

Mwaka 1983 Serikali ilikubali hali halisi. Watu binafsi wakaruhusiwa kutoa huduma kwa kibali chini ya mwavuli wa UDA. Inaelezwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala, kwa kufananishwa na dola ya Marekani. Utingo walipoita abiria kwa kutaja dala, jina la daladala likazaliwa, na halijafa hadi leo.

Baadhi ya magari ya mwanzo yalikuwa ya mizigo, yakiwa yamefungwa mabenchi mawili yanayotazamana. Kwa kuwa abiria walikaa uso kwa uso kama watu waliozunguka meza ya mgahawa, wenye utani wao waliyabatiza jina la chai maharage. Baadaye yakaja mabasi madogo ya Hiace yaliyoitwa vipanya, kisha Coaster na DCM zilizokuwa na nafasi zaidi.

Daladala liliiokoa Dar es Salaam. Hilo lazima lisemwe kwa haki, kwa kuwa kuanzia miaka ya 1990 ndilo lililobeba sehemu kubwa ya abiria wa jiji. Tatizo lilikuwa katika mfumo wake wa biashara. Mwenye gari alimkabidhi dereva gari asubuhi na kudai hesabu yake jioni. Mafuta yalikuwa juu ya dereva, na kilichobaki ndicho kilichogawanywa kati ya dereva na konda. Wengi wao hawakuwa na mkataba wa ajira.

Kwa mpango huo, mwendo wa kasi, kujaza kupita kiasi na kukatisha njia havikuwa tabia mbaya tu za vijana wa barabarani. Vilikuwa namna ya kupata ugali. Mwanafunzi aliyelipa nauli pungufu alisukumwa mlangoni kwa sababu alichukua nafasi ya mtu mzima anayelipa kamili. Gari la Kimara liligeuzia Ubungo kwa sababu foleni ya mbele ilikula mafuta bila kuleta abiria wapya. Abiria aliteremshwa na kutakiwa kulipa tena.

Wazo la barabara ya mabasi peke yake

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa dhahiri kuwa kuongeza daladala hakungepunguza foleni. Kuanzia mwaka 2002 Halmashauri ya Jiji ilianza kulifanyia kazi wazo jipya, kwa msaada wa wataalamu wa Taasisi ya Sera za Usafiri na Maendeleo, ITDP, yenye makao yake Marekani.

Wazo hilo lilitoka Amerika ya Kusini. Mji wa Curitiba nchini Brazil ulianza kuyatengea mabasi njia zake mwaka 1974. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ukazindua mfumo wake wa TransMilenio mwishoni mwa mwaka 2000. Miji hiyo ilionyesha kuwa basi likitengewa njia yake, likawa na vituo vilivyoinuliwa na abiria akalipa kabla ya kupanda, linaweza kufanya kazi inayokaribia ya treni ya mjini kwa sehemu ndogo ya gharama.

Mei 2007 Serikali iliunda Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka Dar es Salaam, unaofahamika kwa kifupi chake cha DART. Mpango mzima uligawanywa katika awamu sita, na Barabara ya Morogoro ikapewa nafasi ya kwanza.

Ujenzi wa miundombinu ya awamu hiyo ulianza mwaka 2012, mkandarasi akiwa kampuni ya Strabag na fedha nyingi zikitoka katika mkopo wa Benki ya Dunia. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya vumbi, michepuko na foleni kuliko zile zilizokusudiwa kuondolewa. Kazi kubwa ilikamilika Desemba 2015.

Matokeo yake yalikuwa mtandao wa kilomita 20.9, wenye vituo 27 vya kawaida na vituo vikuu vitano: Kimara, Ubungo, Morocco, Gerezani na Kivukoni. Shina la mtandao ni kilomita 15.8 za Kimara hadi Kivukoni. Matawi yake ni mawili, moja la kilomita 3.4 kutoka Magomeni hadi Morocco, na jingine la kilomita 1.7 kutoka Fire hadi Gerezani, Kariakoo.

Mei 10, 2016

Kupata barabara ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kupata wa kuendesha mabasi. Kwa kipindi cha mpito kazi hiyo ilipewa kampuni ya UDA-RT, iliyowaunganisha UDA na vyama vya wamiliki wa daladala, DARCOBOA na UWADAR. Lengo lilikuwa jema, kwamba waliokuwa wakiishi kwa njia hiyo wasitupwe nje, bali wawe na hisa katika huduma mpya.

UDA hiyo haikuwa tena ile ya mwaka 1974. Hisa zake zilikuwa zimeuzwa kwa kampuni binafsi mwaka 2011, mauzo yaliyozua mjadala mkali bungeni na katika Halmashauri ya Jiji. Baadaye Serikali iliingia tena na kuwa mwenye hisa nyingi katika kampuni ya mwendokasi.

Mabasi 140 yaliagizwa kutoka China. Kati ya hayo, 39 yalikuwa marefu ya mita 18 yaliyounganishwa katikati, na 101 yalikuwa ya mita 12. Kijana aliyeyashangaa pengine hakujua kuwa babu yake alikwishapanda basi la kujipinda katika jiji hilihili.

Kabla ya kuanza, palikuwa na mvutano wa nauli. Viwango vya juu vilivyopendekezwa mwanzo vilikataliwa, na huduma ilianza kwa nauli ya shilingi 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia mlishi, 800 kwa anayeunganisha njia hizo mbili, na 200 kwa mwanafunzi.

Huduma ilianza Mei 10, 2016, na Rais John Magufuli akaizindua rasmi Januari 25, 2017. Daladala zilizokuwa zikifanya safari kwenye shina la njia zikaondolewa na kupangiwa maeneo mengine.

Mabadiliko yalionekana mara moja. Safari ya Kimara hadi Kivukoni iliyokuwa ikila saa mbili ikafanyika kwa takriban dakika 45. Mtu aliyekuwa akiamka saa 10 usiku sasa aliweza kuamka saa 11 na nusu. Aliyekuwa akirudi nyumbani watoto wamelala sasa aliwakuta mezani. Faida hiyo haiandikwi katika hesabu za kampuni yoyote, lakini ndiyo iliyowafanya wakazi wa Kimara waupende mradi huo. Sifa zake zilivuka mipaka, na Dar es Salaam ikatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata.

Kituo kwa kituo

Anayepanda Kimara huanza safari katika kituo kikuu kilichojengwa katikati ya barabara, ambacho hufikiwa kwa daraja la waenda kwa miguu. Basi huteremka kupitia Korogwe, Bucha na Baruti, majina ambayo mgeni hayapati katika ramani za kitalii lakini kila mkazi wa Kimara anayajua kama jina la mama yake.

Kituo kikubwa kinachofuata ni Ubungo, yanapokutana na Barabara ya Morogoro barabara za Mandela na Sam Nujoma. Kwa miaka mingi makutano hayo yalikuwa fundo la foleni ya jiji zima. Februari 24, 2021 barabara za juu za ngazi tatu zilizinduliwa hapo, zikapewa jina la Balozi John Kijazi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Katika mwaka huohuo mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda kituo kipya cha Mbezi Luis. Uhamisho huo uliiongezea njia ya Kimara mzigo, kwani abiria kutoka bara sasa anashuka Mbezi na bado anahitaji kufika mjini.

Baada ya Ubungo kuna Shekilango, kisha Urafiki, penye kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Inafuata Manzese na umati wake, halafu Mwembechai, Usalama na Magomeni Mapipa. Hapo Magomeni ndipo tawi la Morocco linapochepuka kupita Kinondoni.

Basi kisha linashuka Jangwani na kuvuka bonde la Mto Msimbazi. Likipanda upande wa pili linafika Fire, na hapo tawi la Gerezani huingia Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mpenzi wa soka ataona kuwa kwa tiketi moja anaweza kupita Jangwani, yaliko makao ya Yanga, na Msimbazi, yaliko makao ya Simba, bila kulazimika kuchagua upande.

Kutoka Fire, shina la njia hupita DIT na Kisutu, likafika Posta ya Zamani na kuishia Kivukoni, jirani na soko la samaki la Feri na pantoni ya Kigamboni.

Huduma inavyofanya kazi

Msingi wa mwendokasi si ukubwa wa basi peke yake. Ni mambo manne yanayotegemeana.

Kwanza ni njia. Mabasi yamepewa njia mbili katikati ya barabara, zilizojengwa kwa zege ili zistahimili uzito wake. Daladala, bajaji na magari binafsi hubaki pembeni.

Pili ni kituo. Sakafu ya kituo imeinuliwa ilingane na sakafu ya basi, na milango ya basi iko upande wa kulia ili ifunguke kituoni. Mzee, mama mjamzito na mtu mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kupanda ngazi.

Tatu ni malipo. Abiria hulipa kabla ya kuingia jukwaani, si ndani ya basi. Wakati wa kuanza zilitumika tiketi za karatasi zenye msimbo unaosomwa na mashine getini, na kadi za kielektroniki zimejaribiwa kwa nyakati tofauti. Malipo ya mapema yana faida mbili: basi halisubiri konda akusanye nauli, na fedha hazipiti katika mikono mingi. Pale mashine zinapokwama na tiketi kuchanwa kwa mkono, faida zote mbili hupotea.

Nne ni idadi ya mabasi, na hapa ndipo penye roho ya jambo lote. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Basi refu lenye uwezo wa kubeba takriban watu 150 likipita kila baada ya dakika mbili, kwa saa moja watapita watu 4,500 kuelekea upande mmoja. Likipita kila baada ya dakika 10, watapita 900 tu. Waliobaki 3,600 hawaendi nyumbani kulala. Wanabaki kituoni, na kila dakika wengine wanaongezeka nyuma yao.

Ili basi lipite kila baada ya dakika mbili, huku safari ya kwenda na kurudi pamoja na kugeuza ikichukua dakika 100, yanahitajika mabasi 50 yaliyo mazima na yaliyo barabarani kwa wakati mmoja. Yakibaki 25, subira inakuwa dakika nne. Yakibaki 10, inakuwa dakika 10. Njia ya zege haisaidii kitu hapo, kwani barabara tupu haibebi mtu.

Bonde la Msimbazi

Adui wa kwanza wa huduma hii alikuwa maji. Karakana kuu ya mabasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde ambalo Mto Msimbazi hulitumia kila mvua kubwa inaponyesha. Tahadhari haikukosekana. Desemba 2011, kabla ya ujenzi kuanza, mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini na kuwalazimu wakazi wengi wa mabondeni kuhamishwa.

Karakana ilijengwa hapohapo. Matokeo yake yalionekana mapema. Katika mvua za mwaka 2017 na hasa zile za Aprili 2018, maji yaliingia katika karakana na kuyaharibu baadhi ya mabasi, huku huduma ikisimamishwa. Tangu hapo wakazi wa Kimara wamejifunza kuangalia mawingu kabla ya kuangalia saa, kwa sababu Jangwani ikifungwa, jiji hukatika vipande viwili.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Ndani ya mpango huo limo daraja jipya refu la Jangwani pamoja na kuhamishwa kwa karakana kutoka bondeni. Ni hatua njema, ingawa ni gharama ambayo jiji lingeweza kuipunguza kama mto ungesikilizwa mapema.

Mabasi machache, watu wengi

Adui wa pili alikuwa yuleyule aliyeiangusha UDA. Mabasi 140 hayakuwahi kuwa idadi kamili iliyohitajika kwa awamu ya kwanza. Mengine 70 yaliletwa mwaka 2018, lakini yalikwama bandarini kwa muda mrefu kutokana na mgogoro wa kodi, huku yale ya mwanzo yakibeba mzigo wa yote.

Basi linalotembea kutwa likiwa limejaa, tena bila matengenezo ya uhakika, halichukui miaka mingi kuchakaa. Kadiri miaka ilivyokwenda, idadi ya mabasi mazima ilipungua. Msongamano wa jioni pale Kivukoni na Gerezani ukarudi kuwa kama ule wa daladala. Watu wakaingia kwa kusukumana, simu na pochi vikapotea, na wenye ulemavu ambao kituo kilijengwa kwa kuwafikiria wakashindwa kukifikia mlango.

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 subira ilikwisha. Abiria waliokaa vituoni muda mrefu waliandamana na baadhi ya mabasi yakapigwa mawe. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kuwa mabasi mapya ya kampuni nyingine, yaliyokuwa yameandaliwa kwa njia ya Mbagala, yangeletwa kuongeza nguvu katika njia ya Kimara. Kabla mwezi haujaisha, machafuko ya siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, yaliacha vituo vya mwendokasi vikiwa vimevunjwa na vingine kuchomwa moto, na huduma ikasimama.

Daladala zikaonekana tena zikifanya kazi katika njia iliyokuwa imeondolewa daladala. Kwa aliyeifuatilia historia, halikuwa jambo la kushangaza. Kila mara basi la umma lilipokosekana katika Barabara ya Morogoro, iwe miaka ya 1970 au 2025, mtu mwenye gari alitokea.

Kilicho hatarini

Njia ya Kimara haiko peke yake tena. Barabara kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane, kazi iliyotanguliwa na bomoabomoa ya mwaka 2017 iliyowaacha wakazi wengi wa kandokando ya barabara bila nyumba. Miundombinu ya mwendokasi imejengwa pia Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, na Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto. Kila tawi jipya litaonekana zuri siku ya kuzinduliwa. Funzo la Kimara ni kwamba siku ya kupimwa ni ile ya mwaka wa tano.

Funzo hilo lina sehemu tatu. Nauli isiyotosha kununua vipuri, bila ruzuku iliyo wazi ya kuziba pengo, ni deni linalolipwa na abiria kwa kusimama kituoni. Mwendeshaji mmoja asiye na mshindani wala mkataba wenye meno hana sababu ya kukimbia. Na fedha za tiketi zisipohesabiwa kwa uwazi, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama huduma inapata hasara au inavuja.

DMT ilikwenda na historia yake. UDA ilizeeka ikiwa bado kijana. Daladala limevumilia yote kwa sababu halikumwahidi mtu chochote. Mwendokasi uliahidi, na kwa muda ukatimiza, ndiyo maana kushindwa kwake kunauma zaidi. Wakazi wa Kimara walikwishaonja dakika 45. Hawahitaji kushawishiwa kwamba inawezekana. Wanachodai ni kurudishiwa saa yao moja ya asubuhi na moja ya jioni.